Taima inashuka na alama zinashuka nayo: wazoefu wa shabaha, nisaidieni na El Presidente

Kozi wa Ngong
Wakuu salaam. Nina bastola ya 9mm yenye leseni, napiga IPSC (shirikisho la mashindano ya kulenga shabaha kwa kasi) daraja la Production, yaani bastola za kawaida za kiwandani, huu ni mwaka wangu wa pili. Jumamosi mbili kila mwezi mnanipata renji Kirigiti, jua liwake au mvua inyeshe. Tangu ninunue taima yangu, ile saa inayolia uanze na kunasa muda wa mapigo, nimekuwa mwepesi, hilo siwezi kukataa, ila karatasi zangu siku hizi zinatia aibu.

Kwa wasioijua El Presidente: shabaha tatu za karatasi ziko mita 10 mbele yako, zimeachana kama mita moja. Unasimama umezipa mgongo, mikono juu. Taima ikilia unageuka, ukishageuka ndipo unachomoa, unapiga mbili mbili kila shabaha, unabadilisha magazini, unarudia mbili mbili. Jumla risasi 12. Zoezi lilienezwa na Jeff Cooper, yule aliyekuwa rais wa kwanza wa IPSC ilipoundwa 1976 kule Columbia, Missouri. Enzi zake ukilimaliza kwa sekunde 10 bila kutawanya risasi, wewe ni mtu.

Mwezi wa kwanza nilikuwa napiga sekunde 9.1, Alfa 11 na Charli 1 (Alfa ni kanda ya katikati ya karatasi, Charli inafuata, Delta ni ya pembezoni). Jumamosi iliyopita nikapiga 7.9! Nikaanza kujipiga picha na taima. Kufika kwenye karatasi: Alfa 7, Charli 3, Delta 2. Jamaa tunayepiga naye akaangalia, akakohoa, akaenda kunywa chai.

Nifanye nini? Nirudi polepole au niendelee kukimbia hadi mkono uzoee?

Kigogo wa Mbezi
Haraka haraka haina baraka. Uzi ufungwe.

Shemeji wa Taita
Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Uzi ufunguliwe.

Bi Mshale
Mkimaliza methali tumsaidie mtu.

Kozi, umetupa sekunde na umetupa alama, lakini hujagawanya. IPSC haimpi ushindi mwenye sekunde chache wala mwenye Alfa nyingi. Wanachukua alama zako wanagawa kwa muda, hiyo ndiyo hiti fakta. Unapiga Production, kwa hiyo unahesabiwa maina, yaani alama za bastola ya nguvu ndogo: Alfa 5, Charli 3, Delta 1, na ukikosa kabisa unakatwa 10.

Ile ya mwezi wa kwanza: Alfa 11 ni 55, Charli moja ni 3, jumla 58. Gawa kwa 9.1 unapata 6.37.
Ile ya kupiga picha: 35, 9 na 2, jumla 46. Gawa kwa 7.9 unapata 5.82.

Umekimbia sekunde nzima na nukta kadhaa ukaenda kushindwa na wewe mwenyewe wa mwezi wa kwanza. Jamaa yako aliyekwenda kunywa chai alikuwa ameshapiga hesabu hiyo kichwani.

Kozi wa Ngong
Dada, nimerudia hesabu kwa kalkuleta ya simu mara tatu nikidhani umekosea. Hujakosea. Na kuna moja sikuiandika hapa, ya 7.2: Alfa 8, Charli 2, Delta 1 na moja haikuonekana popote. Hiyo nimeigawa sasa hivi. Alama 37, unapata 5.14. Nilikuwa nimeihifadhi kama rekodi yangu.

Kigogo wa Mbezi
😂😂 rekodi ya kutoboa hewa

Bi Mshale
Usicheke, sote tulianza hivyo. Taima ina kioo na inang'aa, karatasi haing'ai.

Kozi, taima yako inaonyesha muda wa kila risasi? Kama inaonyesha, leta ile ya 7.9 yote, siyo jumla tu.

Kozi wa Ngong
Inaonyesha. Kugeuka, kuchomoa hadi risasi ya kwanza: 2.20. Risasi ya pili kwenye shabaha ileile inakuja baada ya 0.28 hivi. Kuhama shabaha moja hadi nyingine 0.45. Kubadilisha magazini, kutoka risasi ya sita hadi ya saba: 2.22. Halafu mwendo uleule tena hadi mwisho.

Bi Mshale
Haya sasa, kaa chini.

Kupiga kwenyewe, yaani zile mbili mbili na kuhama, kumekula 1.74 raundi ya kwanza na 1.74 ya pili. Kuchomoa na kubadilisha magazini vimekula 4.42. Zaidi ya nusu ya muda wako umeutumia bastola haipigi kitu!

Wewe umekwenda kubana wapi? Kwenye zile 0.28. Mapigo ya namna hiyo ni sita tu katika zoezi zima. Hata ukiyabana kila moja kwa 0.05, umeokoa 0.30, na bei yake ndiyo hizo Delta. Wakati huohuo magazini inakula 2.22, na mpigaji wa kawaida aliyeshika mazoezi anaibadilisha kwa 1.6 bila presha. Hiyo ni 0.6 imekaa mezani inakusubiri, na haigusi Alfa hata moja.

Na uzuri wake, magazini inafanyiwa mazoezi bila kuchoma risasi. Bei ya boksi sote tunaijua.

Shemeji wa Taita
Hapo kwenye boksi umenigusa pabaya.

Afande Mstaafu
Vijana, habari zenu. Mimi nilivaa magwanda miaka mingi, sasa nafuga kuku. Zama zetu taima ilikuwa filimbi ya sajini na mita ilikuwa hatua zake.

Hayo ya binti hapo juu ni sahihi, lakini hizo Delta mbili hazikuletwa na mwendo. Kijana, niambie zilikaa wapi kwenye karatasi.

Kozi wa Ngong
Shikamoo afande. Zote chini kushoto. Natumia mkono wa kulia.

Afande Mstaafu
Marahaba. Nilijua.

Unaipiga bastola kabla haijakupiga. Mwili unangoja kishindo, mkono unajikaza, mdomo wa bastola unainama sekunde ileile risasi inapotoka. Ukipiga polepole unajizuia, ukiharakishwa unasahau kujizuia. Kwa hiyo taima haijaleta ugonjwa, imeuvua shati tu.

Dawa yake tulipewa hivi. Mwenzako anachukua magazini yako, anakupa mgongo, anapanga risasi halali na risasi bandia apendavyo, mbili halali, moja bandia, moja halali, bandia mbili. Wewe hujui. Unapiga ukiwa unaangalia kilengeo cha mbele. Ikifika bandia inalia "tk" tu. Hapo usiangalie shabaha, angalia mdomo wa bastola. Siku yangu ya kwanza wangu uliinama kama mbuzi anayekunywa maji, na kikosi kizima kilikuwa nyuma yangu kinaona. Sajini hakunitukana. Aliokota ile risasi bandia kwenye mchanga, akaifuta kwa shati, akanirudishia mkononi, akasema tena. Tukarudia mpaka jua likazama. Tusi ningelisahau.

Fanya hivyo risasi 30 kila uendapo renji, kabla hujawasha hiyo saa yako. Mdomo ukitulia, ndipo uwashe.

Mwana wa Columbus
Niko Ohio mwaka wa kumi na mmoja, mechi za huku napiga. Afande heshima zako, lakini nina neno kidogo.

Ukimwambia mtu asiwashe taima mpaka atulie, atatulia kweli, na atabaki hapohapo na sekunde zake 9. Mimi ilinigharimu miaka mitatu. Nilikuwa napiga Alfa tupu, na kila mechi nashika nafasi ya katikati. Kilichonikwamua ni kutenga siku ya kukimbia tu: unapiga kwa mwendo usiouweza, unaacha Charli zije, lakini unaangalia doti (nukta ya mwanga ya kulengea) au kilengeo kila risasi inapotoka ili macho yazoee kuona kwa mwendo huo. Wiki inayofuata unarudi unakaza. Macho nayo yanafundishwa mwendo, siyo mikono peke yake.

Afande Mstaafu
Mwanangu, umesema "unaangalia kilengeo kila risasi inapotoka". Huyu Kozi anakiangalia? Muulize.

Kozi wa Ngong
Kusema kweli risasi ya kwanza nakiona. Ya pili sina uhakika. Kuanzia ya saba namwachia Mungu.

Afande Mstaafu
Basi. Mkimbize asiyeona, atafika haraka asikokujua.

Mwana wa Columbus
Kwa Kozi nakubali afande. Kwa watu wote sikubali. Tubaki hapo.

Ila kwa kuwa mada ni shabaha na saa, niwape kitu cha huku. Kuna Camp Perry, ukingoni mwa ziwa Erie, mechi za kitaifa zinafanyika hapo tangu 1907. Kwenye bastola wana mchezo wa zamani, mkono mmoja tu, mwingine unaufanya unavyotaka. Hatua ya polepole ni yadi 50, risasi 10 kwa dakika 10. Halafu yadi 25: risasi 5 kwa sekunde 20, kisha risasi 5 kwa sekunde 10. Usidhani sekunde 20 ni nyingi. Mara ya kwanza nilimaliza risasi zangu tano kwa sekunde tisa nikabaki nimeshusha mkono naona haya, wazee pembeni yangu bado wanapiga mmoja mmoja kama saa ya ukutani. Mzee mmoja wa makamo ya babu yangu aliniambia sekunde hizo nimeshalipia kwenye ada ya kuingia, nizitumie.

Kozi, jaribu hiyo ya 20 na 10 kwa mkono mmoja. Itakufundisha kitu ambacho El Presidente haiwezi: kupewa muda na kuutumia wote.

Kivuli cha Mwembe
Naingilia kidogo, mimi ni mtazamaji tu wa Olimpiki, bastola ya kweli sijawahi kushika. Mnachobishania kipo kwenye ile mita 25 ya kasi ya wanaume. Shabaha tano pembeni kwa pembeni, bastola ya .22, mkono umeshushwa nyuzi 45. Taa ikiwaka kijani unainua na kupiga moja kila shabaha. Seti mbili unapewa sekunde 8, mbili sekunde 6, mbili sekunde 4. Risasi 30. Halafu unarudia zote, zinakuwa 60.

Sasa angalieni wanavyopiga ile ya sekunde 4. Hawaanzi kwa kurusha mkono juu. Mkono unapanda kama lifti, taratibu, risasi ya kwanza inakula kipande kikubwa cha muda, na nne zilizobaki zinakwenda kwa mdundo sawasawa. Ukifumba macho ukasikiliza unadhani ni mtu anapiga ngoma. Yule anayewahi ya kwanza ndiye unasikia mdundo wake unakatika ya tatu au ya nne.

Halafu kuna Károly Takács wa Hungaria. Alikuwa mwanajeshi, mlengaji wa mkono wa kulia. 1938 guruneti likamlipukia mkononi wakiwa mazoezini, mkono wa kulia ukaharibika. Akajifundisha kushoto. Olimpiki za 1940 na 1944 hazikufanyika kwa sababu ya vita. Akaja London 1948 akiwa na miaka 38, akachukua dhahabu ya mchezo huuhuu kwa rekodi ya dunia, alama 580. Helsinki 1952 akachukua tena. Kwa mkono uleule wa kushoto.

Shemeji wa Taita
Mimi mkono wa kushoto hata ugali hauniletei mdomoni vizuri.

Bi Mshale
Asante Kivuli, mtazamaji umeona kuliko wapigaji. Na kwenye bastola ya wanawake mita 25 kuna kitu kizuri zaidi kwa Kozi. Nusu ya pili ya mchezo, shabaha inakufungukia sekunde 3, inafunga sekunde 7. Ikifunguka unainua mkono, unapiga moja tu, unashusha. Mara tano kila seti. Mimi ndiyo chakula changu cha kila wiki, hata siku ambazo sipigi mchezo huo. Sekunde 3 zinatosha kabisa kwa risasi moja safi, na hazitoshi kufikiria mara mbili. Ile 7 ya kupumzika ndiyo ngumu, hapo ndipo akili inaanza kukusimulia risasi iliyopita.

Kuhusu mazoezi makavu nyumbani, yaani yasiyo na risasi halali, nataka niliandike vizuri maana kuna mtu atasoma hapa na kuondoka mbio.

Risasi zote zinatoka chumbani. Siyo kuwekwa kwenye droo ya chumba hichohicho, zinatoka nje, mlango unafungwa. Unaangalia chemba kwa macho, unaingiza kidole, unaangalia tena. Magazini za mazoezi zina bandia tu, nazo bandia ziwe za rangi ambayo huwezi kuichanganya. Unalenga ukuta ambao hata ukikosea hakuna mtu nyuma yake. Simu imezimwa. Mtu akibisha hodi, umemaliza kwa siku hiyo, na ukirudi unaanza tena ukaguzi tangu mwanzo. Sentensi hatari kuliko zote ni "ngoja nirudie moja ya mwisho" wakati umesharudisha risasi halali.

Baada ya hapo sasa taima. Weka ilie mara mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Magazini yako ni 2.22, basi weka 2.4 kwanza, ubadilishe mara kumi ukiwa safi. Safi maana yake magazini imeingia bila kugonga pembeni, kidole kiko nje ya triga, na kilengeo kimesharudi kwenye shabaha kabla ya mlio wa pili. Zikiwa safi nane kati ya kumi, punguza 0.1. Zikishindikana, rudi juu. Dakika 15, siyo saa nzima. Mkono ukichoka unafundisha makosa.

Kozi wa Ngong
Hapo kwenye kidole dada umenikumbusha machungu. Mwaka jana kwenye mechi moja, sitataja ya wapi, niliharakisha magazini nikaichomoa mkandani imegeuka, risasi zinaangalia nyuma. Nikaisukuma. Haikuingia. Nikaisukuma tena kwa nguvu, nikiwa nimeangalia bastola, na kumbe kidole kimeshaingia kwenye triga. Msimamizi akasema "STOP". Nikajua. Nikapakua, nikaonyesha kavu, nikarudisha kwenye holsta, nikatolewa mechini, na siku ikaishia hapo, saa nne asubuhi, na chakula cha mchana nilikuwa nimeshalipia. Nilikaa kivulini nikifuta udongo mwekundu kwenye ile magazini hadi ikang'aa.

Afande Mstaafu
Alikusaidia huyo.

Kozi wa Ngong
Najua afande. Nilimshukuru jioni, mchana sikuweza.

Juma Mbishi
Hivi hii michezo ya nini? Pesa hizo si mngenunua mbuzi.

Shemeji wa Taita
Afande ana kuku, muulize bei.

Afande Mstaafu
Kuku wapo.

Mwana wa Columbus
Kozi, kabla hujaondoka: nunua daftari. Kila raundi andika muda, Alfa ngapi, Charli ngapi, Delta ngapi, hiti fakta. Na kabla hujaenda kwenye karatasi andika ulivyodhani zimekaa wapi. Hiyo safu ya "nilivyodhani" ndiyo itakuonyesha kama unaona au unakisia. Yangu ya kwanza nilikuwa napatia sita kati ya kumi na mbili. Hapo afande ana haki yake, nimeikubali kwa maandishi.

Kozi wa Ngong
*(wiki sita baadaye)*
Wakuu nimerudi, kwa wanaokumbuka uzi huu.

Nilifanya hivi. Nyumbani dakika 15, siku nne kwa wiki, magazini tu. Wiki ya kwanza 2.4 ilinishinda, jamani, taima inalia mimi bado natafuta mkanda. Nikagundua magazini zangu zimekaa nyuma sana kiunoni, mkono ulikuwa unakwenda kuzitafuta kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nikazisogeza mbele. Wiki ya nne nikafika 1.7 safi.

Renji nilianza kila mara na dawa ya afande. Mara ya kwanza mbuzi alikunywa maji kweli, yule jamaa wa chai alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya tatu alikuwa anasogeza midomo tu. Bado hajaacha kabisa, hasa risasi ya pili.

El Presidente ya Jumamosi, mbele ya watu: 8.3, Alfa 10, Charli 2. Alama 56, hiti fakta 6.75. Mara ya kwanza nimemshinda yule wa mwezi wa kwanza. Magazini ilikuwa 1.80, siyo 1.7 ya nyumbani. Mapigo yangu ya pili yamepanda hadi 0.40, nimeyaacha yapande kwa sababu sasa nakiona kilengeo kikirudi. Daftari: kati ya 12 nilikisia sawa 9.

Nilichoshindwa ni ile sekunde 20 ya mkono mmoja. Nimemaliza tena kwa 11.

Bi Mshale
6.75! Hongera sana. Hizo Charli mbili zilikaa wapi?

Kozi wa Ngong
Moja juu kulia, shabaha ya tatu, raundi ya mwisho. Nyingine chini kushoto.

Afande Mstaafu
Ile ya chini kushoto ilikuwa ya ngapi?

Kozi wa Ngong
Ya nane. Ya pili baada ya magazini.

Afande Mstaafu
Jumamosi ijayo mwambie mwenzako bandia azianzishe hapo.